Mintarafu ya Kuchagua Plastiki ya Kalibu

Miongoni mwa mashauri ambayo mwenye kiwanda hana budi kuyakata kabla mashine yake haijaanza kunguruma, hakuna lililo zito kuliko kuchagua plastiki yenyewe. Maana kalibu ya chuma, ambayo aghalabu hugharimu fedha nyingi kuliko maelfu ya kwanza ya vitu vitakavyotoka ndani yake, huchongwa kwa vipimo vya plastiki moja maalumu, na ikiisha kuchongwa, kuibadili ni kazi ngumu na pengine haiwezekani kabisa. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Punje za plastiki humiminwa katika faneli, zikaingia ndani ya pipa lenye moto, zikasukumwa na parafujo kubwa inayozunguka hata zikawa kioevu kizito, kisha kioevu hicho kikashindiliwa kwa nguvu nyingi ndani ya kalibu iliyofungwa, kikapoa humo, kalibu ikafunguka na kitu kikaanguka kikiwa kamili. Ndugu wawili wa Marekani, John na Isaiah Hyatt, walipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1872, wakiitumia kwa seluloidi. Na parafujo iliingia katika sanaa hiyo mwaka 1946 kwa ubunifu wa Mmarekani mwenzao, James Watson Hendry. Zama za akina Hyatt fundi hakuwa na la kuchagua. Leo ana jamii nyingi za plastiki mbele yake, na kila jamii ina madaraja kwa mamia, na katika wingi huo ndimo makosa yanamozaliwa.

Mfano ulio bora wa uzito wa jambo hili unapatikana Denmark. Kampuni ya LEGO iliomba hataza ya tofali lake la kuchezea mwezi wa Januari 1958, na umbo lile, lenye vifundo juu na mirija ndani, limedumu hata leo pasipo kubadilika kwa jambo la maana. Lakini matofali ya awali yalifinyangwa kwa asetati ya selulosi, plastiki itokanayo na nyuzi za mimea, ambayo ilikuwa na ila mbili zisizovumilika katika kitu kinachotakiwa kushikana na wenziwe miaka kwa miaka: ilipindana kadiri muda ulivyopita, na rangi yake ilififia. Mwaka 1963 kampuni ikaiacha asetati na kushika ABS, plastiki ngumu yenye kung'aa iliyoungwa na mpira ndani yake, isiyonywea sana ikipoa wala isiyolegea upesi ikibanwa. Umbo ni lile lile na wazo ni lile lile. Kilichobadilika ni malighafi, na kwa badiliko hilo tofali likapata kuwa kitu ambacho baba humrithisha mwanawe kikiwa bado kinafanya kazi.

Kutokana na mfano huo napenda kulisema wazi neno ninaloliamini katika mas'ala haya yote. Plastiki haichaguliwi kwa kuuliza ni ipi iliyo bora, wala ni ipi iliyo rahisi, bali kwa kuuliza kitu kitaishi wapi, kitashikwa na nani, kitaguswa na nini, na mwisho wake kitaharibika kwa njia gani. Mwenye kuyajua hayo manne huona plastiki nyingi zikijiondoa zenyewe, moja baada ya nyingine, hata zikabaki mbili au tatu, na hapo ndipo bei inapostahili kukaribishwa barazani. Mwenye kuanza na bei huchagua kwanza, kisha hutafuta sababu.

Kabla ya kuingia katika maswali hayo, yafaa tufahamu mgawanyiko mmoja wa asili, maana tabia nyingi za plastiki hutoka humo. Ziko plastiki ambazo minyororo yake ya molekuli, zinapopoa, hujipanga sehemu kwa sehemu katika fuwele: polithini, polipropilini, nailoni, asetali. Na ziko zile ambazo minyororo yake hubaki imevurugika bila mpango wowote: polistirini, ABS, polikaboneti, akriliki. Hizi za pili nyingi zaweza kuwa angavu kama kioo, hunywea kidogo zinapopoa, na hulainika pole pole kadiri joto linavyopanda. Zile za kwanza ghalibu hazipitishi nuru vizuri, hustahimili mafuta na dawa kuliko wenzi wao, huyeyuka kwa ghafula zikifika joto lao, na hunywea sana, kwa sababu molekuli zikijipanga huchukua nafasi ndogo.

Jambo hili la kunywea si la vitabuni tu. Tuchukue mfuniko wa mviringo wenye upana wa milimita 200. Ukitengenezwa kwa ABS, ambayo hunywea kiasi cha asilimia 0.5, utapungua milimita 1. Ukitengenezwa kwa polipropilini yenye kunywea asilimia 1.5, utapungua milimita 3. Tofauti ya milimita 2 katika mfuniko ni tofauti baina ya ndoo inayofunga na ndoo isiyofunga. Kwa hiyo mtu anayechonga kalibu kwa ajili ya plastiki moja, halafu kwa sababu ya bei akamimina nyingine, hata ikiwa mashine imeridhia na kitu kimetoka kizuri machoni, amejitengenezea shehena ya takataka. Na zikichanganywa nyuzi za kioo ili kuongeza ugumu, mambo huzidi kuwa mazito, kwani nyuzi hulala kufuata mkondo wa plastiki inapoingia, na kitu hunywea kidogo upande wa nyuzi na zaidi upande wa pili, kikabetuka. Na nyuzi hizo hizo huikwangua kalibu hata chuma kikalika.

Sasa tuje kwenye maswali yanayozaliwa na hayo manne, na la kwanza ni joto. Kila mtu aliyepata kumimina chai ya moto katika chupa ya maji ya dukani ameona chupa ikijikunyata mkononi mwake, kwa kuwa PET ya chupa hizo huanza kulegea ifikapo nyuzi 75 hivi za sentigredi. Polistirini ya kawaida huishiwa na nguvu karibu na nyuzi 100. Polithini nzito, ile ya kreti za soda, huyeyuka karibu na nyuzi 130, na polipropilini karibu na 160 na ushei. Tofauti ndogo hizi zina maana kubwa hospitalini. Chombo kitakachosafishwa kwa mvuke hupikwa katika nyuzi 121, na hapo polistirini imekwisha tolewa, polithini nzito imekaribia mno mpaka wake, ilhali polipropilini hupita salama. Ndiyo mojawapo ya sababu polipropilini imetamalaki katika vyombo vya tiba, na pipa la bomba la sindano la kutupwa, kama yale yanayotengenezwa na kiwanda cha Revital Healthcare katika kaunti ya Kilifi, kwa desturi ya kazi hiyo ulimwenguni hufinyangwa kwa polipropilini.

Lakini hata hapo shauri halijakwisha. Mabomba ya kutupwa aghalabu hayasafishwi kwa mvuke bali kwa gesi au kwa mnururisho, na polipropilini ya kawaida ikipigwa na mnururisho minyororo yake hukatika, wala haikomi kukatika siku ile ile, bali huendelea kudhoofika ikiwa ghalani, hata bomba lililotoka kiwandani likiwa imara likaja kupasuka mkononi mwa muuguzi miezi mingi baadaye. Ndiyo maana yako madaraja ya polipropilini yaliyotiwa dawa maalumu ya kuhimili mnururisho, na anayeagiza malighafi kwa jina la polipropilini peke yake, bila kutaja namna chombo kitakavyosafishwa, ameagiza nusu ya kitu anachokitaka.

Swali la pili ni la vitu vitakavyoigusa plastiki, nalo ni swali linalosahauliwa kuliko yote, pengine kwa sababu watu wamezoea kudhani kwamba plastiki haidhuriki na kitu chochote isipokuwa moto. Mafuta ya ganda la chungwa huiyeyusha polistirini. Mtu akilikamua ganda juu ya kipande chembamba cha plastiki hiyo huona uso wake ukinata na kufifia. Mafuta ya karafuu, yale yanayokenekwa Pemba, nayo ni adui wa polistirini, wala mfanyabiashara wa mafuta hayo asidanganywe na uzuri wa kichupa kinachong'aa. Polithini nzito huyastahimili mengi ya mambo haya, na kwa hiyo madumu ya mafuta ya kupikia na vibuyu vya dawa za shambani hutengenezwa kwayo.

Iko namna nyingine ya madhara iliyo ya hila zaidi. Polikaboneti ni plastiki shupavu kupita kiasi. Kipande chake hupigwa nyundo kikarudisha pigo. Lakini ikiwa chini ya mkazo, hata mdogo, halafu ikaguswa na petroli au kiyeyushi cha rangi, hufanya nyufa nyembamba kama unywele, pasipo pigo lolote. Watengenezaji wa helmeti za pikipiki, ambazo magamba yake mengi ni ya ABS au polikaboneti, huonya kwamba zisipakwe rangi ovyo wala zisisafishwe kwa petroli; na dereva wa bodaboda anayefuta helmeti yake kwa kitambaa kilicholowa petroli ili ing'are, huipa nyufa mahali pasipoonekana, hasa kandokando ya matundu ya parafujo zinazoshika kamba ya kidevuni, ambapo mkazo ni mkubwa. Helmeti hiyo itaonekana nzima hadi siku itakapohitajiwa. Mchaguzi wa malighafi, basi, hana ruhusa ya kuuliza kitu kimekusudiwa kuguswa na nini. Hana budi kuuliza kitaguswa na nini kwa kweli, mikononi mwa watu kama walivyo.

Swali la tatu ni jua, na katika nchi zetu napenda kulikalia kidogo. Pwani yote ya Afrika Mashariki imo baina ya tropiki mbili, na jua hupita utosini mara mbili kila mwaka. Miale ya urujuanimno iliyomo ndani ya nuru yake ina nguvu ya kukata minyororo ya plastiki nyingi, nayo hukata kuanzia usoni kuingia ndani. Kiti cha plastiki cha kipande kimoja, ambacho asili yake yatajwa pamoja na jina la Mfaransa Henry Massonnet na kiti chake cha mwaka 1972, ndicho kitabu kilicho wazi cha somo hili. Vingi vya viti hivyo ni polipropilini. Kikikaa nje, kwanza hupoteza mng'ao. Halafu uso wake hutoa unga mweupe unaobaki kwenye nguo ya aliyekikalia. Kisha huonekana mistari myembamba mahali mguu unapoungana na kikalio. Na mwisho wake mguu hukatika kwa sauti kavu, bila kupinda kwanza, mara nyingi chini ya mtu mzima aliyekuja kuhani au kuhudhuria harusi. Kukatika bila kupinda ndiyo dalili ya kwamba jua limekwisha maliza kazi yake.

Dawa ipo na haina siri. Masizi ya kaboni yakichanganywa vizuri ni ngao iliyo bora kuliko nyingi: mabomba ya polithini ya kupitishia maji hutiwa kiasi cha asilimia 2 hadi 2.5 ya masizi, na ndiyo sababu ni meusi. Kwa vitu vya rangi ziko dawa za kunyonya miale na dawa za kuzuia mnyororo wa uharibifu usiendelee, nazo huongeza bei ya kilo kwa kiasi kidogo. Ni kiasi kidogo hicho ambacho hupunguzwa kwanza pale mtengenezaji anapobanwa na soko, kwa kuwa kiti kilichotiwa dawa na kisichotiwa hufanana kabisa siku ya kuuzwa. Fauka ya hayo, baadhi ya viti hujazwa unga wa chokaa kupita kadiri, ambao huongeza uzito na ugumu lakini huondoa ushupavu, na mnunuzi anayepima ubora kwa kunyanyua hudhani amepata kitu kizito na imara. Kwa maoni yangu, kuuza kiti cha nje kisicho na dawa ya jua katika Mombasa, Tanga au Unguja ni dhuluma kwa mnunuzi, na mashirika ya viwango yangefanya hisani kubwa kwa kulikazia macho jambo hili. ABS nayo, licha ya sifa zake, si ya kuachwa juani, maana mpira uliomo ndani yake ndio huliwa kwanza. Yuko ndugu yake aitwaye ASA, aliyewekwa mpira wa jamii nyingine kwa kusudi hilo hilo, naye hustahimili.

Pamoja na jua uko unyevu, ambao huingia katika shauri hili kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kitu chenyewe. Nailoni hunywa maji kutoka hewani: ile iitwayo 66 hushika kiasi cha asilimia 2.5 ya maji katika hewa ya kawaida, na ikizamishwa hata ikashiba hufikia asilimia 8 na zaidi. Maji hayo huipanua, huipunguzia ugumu, na huiongezea ushupavu, hata gurudumu la meno lililotoka kalibuni likiwa kavu na lenye kuvunjika upesi, baada ya majuma huwa na utu mwingine kabisa, likastahimili mapigo lakini likabana na meno ya gurudumu mwenziwe kwa sababu limevimba. Basi ikiwa kipimo ni cha lazima na ugumu ni wa lazima, asetali hufaa kuliko nailoni, kwa kuwa hunywa maji kidogo mno. Na ikiwa kinachotakiwa ni kuvumilia mapigo na mikwaruzo, nailoni huushika ushindi.

Mlango wa pili ni punje kabla ya kuyeyushwa. Polipropilini na polithini hazina haja ya kukaushwa, kwa kuwa hazinywi maji. Lakini polikaboneti, PET na nailoni zikiingia katika pipa la moto zikiwa na unyevu, maji hayo huikata minyororo ya plastiki wakati ule ule wa kuyeyuka. Polikaboneti hutakiwa ikaushwe kwa saa 3 au 4 katika nyuzi 120, hata unyevu ushuke chini ya asilimia 0.02. Katika mji wa pwani, ambamo hewa ya asubuhi hulowesha nguo kambani kabla hazijapigwa na jua, gunia lililofunguliwa jana haliaminiki leo, na punje zilizokaushwa zikiachwa katika faneli iliyo wazi huanza kunywa tena mara moja. Pengine kosa hujionyesha kwa michirizi ya rangi ya fedha juu ya uso wa kitu, na fundi akalisahihisha. Lililo la hatari ni pale kitu kinapotoka kizuri, safi na chenye kung'aa, ilhali ushupavu wake umekwisha potea. Kwa hiyo kiwanda kisicho na tanuri la kukaushia lenye kuaminika, wala mtu wa kulisimamia usiku na mchana, kisichague polikaboneti, hata kama karatasi ya sifa yaisifu. Uwezo wa kiwanda ni sehemu ya uchaguzi sawa na sifa za malighafi.

Na karatasi ya sifa nayo isomwe kwa hadhari. Namba zilizomo humo hupatikana katika chumba cha nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50, kwa kipande kipya, kilichovutwa kwa muda wa dakika chache. Kitu chetu hakitaishi katika chumba hicho. Plastiki ina tabia ambayo chuma cha kawaida hakina katika joto letu: ikibebeshwa mzigo mdogo kwa muda mrefu huendelea kunyooka na kulegea kidogo kidogo. Kreti zinazopangwa moja juu ya nyingine mpaka darini, katika ghala la bati lenye joto, zinabeba mzigo ule ule juma baada ya juma, na ile ya chini kabisa ndiyo inayotoa ushahidi wa kweli, si kipande cha maabara. Mwenye kutumia nguvu yote iliyoandikwa katika karatasi, bila kuacha sehemu yake kubwa kwa ajili ya muda na joto, amejenga juu ya namba ya dakika chache kitu kitakachoishi miaka.

Kuhusu kupinda mara kwa mara neno moja latosha: polipropilini ndiyo bingwa. Mfuniko wa chupa ya mafuta ya nywele, wenye bawaba nyembamba isiyozidi nusu milimita iliyofinyangwa pamoja nao, hufunguliwa na kufungwa maelfu ya mara bila kukatika, kwa sababu molekuli zake hulala sambamba kuvuka bawaba pale plastiki inapopita, na zaidi bawaba inapokunjwa mara ya kwanza ikiwa bado na joto. Jaribu bawaba hiyo kwa polistirini, nayo itakatika mara ya kwanza.

Nimesema bei isubiri, na sasa zamu yake imefika. Plastiki hununuliwa kwa kilo lakini hutumiwa kwa ujazo, maana kalibu haijali uzito, inataka kujazwa. Kitu chenye sentimita za ujazo 100 kikitengenezwa kwa polipropilini kitakuwa na gramu 90 hivi; kwa ABS gramu 105; kwa polikaboneti gramu 120; kwa asetali gramu 141. Kwa hiyo asetali, hata kama ingeuzwa kwa bei ya kilo sawa na polipropilini, jambo ambalo halitokei, ingegharimu zaidi ya mara moja na nusu kwa kila kitu. Kisha kuna muda wa mashine, ambao mara nyingi hushinda malighafi kwa gharama, na sehemu kubwa ya muda huo hutumika kungojea kitu kipoe.

Hapa umbo na malighafi haviwezi kutenganishwa. Unene wa ukuta ukizidishwa mara mbili, ugumu wa kupinda huongezeka mara nane. Lakini malighafi huongezeka mara mbili na muda wa kupoa mara nne, na juu ya uso huonekana mabonyeo pale plastiki nene iliponywea ndani. Wengi huona kitu chao kimelegea, wakakimbilia plastiki ya bei kubwa iliyojaa nyuzi za kioo, ilhali mbavu chache zilizowekwa nyuma ya ukuta, nyembamba kuliko ukuta wenyewe, zingefanya kazi hiyo kwa polipropilini ile ile. Nasema bila kusita kwamba sehemu kubwa ya vitu vya matumizi ya kila siku hutoshelezwa na plastiki nne au tano zilizo rahisi, endapo mchoraji wa umbo amefanya wajibu wake. Wala si lazima kitu kimoja kiwe cha plastiki moja. Kalamu ya Bic Cristal, aliyoitoa Marcel Bich mwaka 1950, ina mwili wa polistirini, kwa kuwa mwandishi anataka kuona wino uliobaki na mkono unataka kitu kigumu. Lakini kifuniko chake ni polipropilini, kwa kuwa kifuniko hutafunwa na kuvutwa maelfu ya mara, na polistirini ingepasuka.

Jina peke yake halitoshi pia. Polipropilini ya mfuniko mwembamba hutakiwa itiririke upesi, na wepesi huo hupatikana kwa minyororo mifupi. Ile ya kreti au ya kiti hutakiwa iwe shupavu, na ushupavu hupatikana kwa minyororo mirefu isiyopenda kutiririka. Magunia mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na tabia zilizo baidi kiasi hicho.

Limebaki suala la plastiki iliyokwisha tumika, ambalo siku hizi haliepukiki wala halifai kuepukwa, maana Rwanda, Kenya na Tanzania zimekwisha piga marufuku mifuko ya plastiki, na taka ngumu za plastiki zimebaki ni mali ya yeyote awezaye kuzitenga. Neno ni kutenga. Polipropilini na polithini ni nyepesi kuliko maji na huelea. Polistirini, PET na PVC huzama. Kwa hiyo pipa la maji ni mwamuzi wa kwanza, mwenye haki na asiye na gharama. Hata hivyo kuelea hakutenganishi polipropilini na polithini, ambazo zikichanganywa hazishikamani vema. PET iliyopenya katika polipropilini haiyeyuki kwa joto la mwenziwe, bali hubaki vipande vigumu ndani ya kitu, na ufa huanzia hapo. Na lipo onyo moja ambalo kila fundi wa mashine apaswa kulijua kwa moyo: PVC na asetali zisikutane kamwe ndani ya pipa la moto, maana asidi inayotolewa na PVC huivunja asetali kwa kasi, ikazaa gesi ya sumu na shinikizo linaloweza kulipua mashine. Pipa lisafishwe kwa polithini baina ya hizo mbili, wala asijitokeze mtu wa kusema muda hautoshi.

Malighafi iliyorudishwa hufaa sana kwa ndoo za ujenzi, vyungu vya maua, mbao za uzio na vishikizo vya fagio. Kwa sahani ya mtoto au chombo cha maziwa, ikiwa haijulikani plastiki ile ilikuwa nini zamani, dumu la dawa ya mimea au chupa ya mafuta ya breki, haifai hata kidogo, na bei isitumiwe kuitetea.

Kwa hiyo namwomba kila anayekusudia kuagiza kalibu, awe mwenye kiwanda kikubwa au kijana mwenye mashine moja uani, asitie saini kabla hajapata kutoka kwa muuzaji wake jina la daraja, kipimo chake cha kunywea na dawa zilizomo, yote kwa maandishi. Halafu aombe vipande vya mfano vya plastiki mbili au tatu anazozidhania, avitie mkazo, avipake mafuta yale yatakayovigusa, baadhi aviweke juu ya paa na baadhi majini, avipe miezi kadhaa, kisha avivunje kwa mkono wake mwenyewe aone vinavunjika vipi. Gharama ya jaribio hilo ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kuchonga kalibu ya pili.